UZI: Mafunzo na utafiti wa fizikia tiba, kwenye picha na kwenye tiba ya mionzi. Karibuni tuongee kwa kina

kipima_dozi (mtoa mada)

Wakuu habari zenu. Nimekuwa nikipata meseji nyingi za vijana waliomaliza digrii ya fizikia wanauliza hii kazi ya fizikia tiba ikoje, na wengine tayari wana masta mkononi lakini hawajawahi kusimama kwenye chumba cha mashine inayotibu mtu. Nimeona nimwage yote hapa badala ya kumjibu mmoja mmoja. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka asome baadae.

Nianze na kazi yenyewe. Mgonjwa wa saratani akienda kwenye tiba ya mionzi anamwona daktari, anamwona nesi, anawaona wale wataalamu wanaomlaza kwenye kitanda cha mashine. Mtu ambaye mara nyingi hamuoni ni yule anayehakikisha kwamba dozi aliyoiandika daktari ndio hiyohiyo inayofika kwenye uvimbe, na kwamba uti wa mgongo uliopo sentimita mbili pembeni haupati kitu usichoweza kubeba. Huyo ndio mwanafizikia tiba. Kwenye radiolojia ndio anayehakikisha mashine ya CT inatoa picha inayosomeka kwa dozi ndogo inayotosha, na kwenye tiba ya nyuklia ndio anayepima dawa zenye mionzi na kukokotoa zinaenda wapi mwilini.

Sasa kuna kitu kimoja kinachonifanya niichukulie hii kazi kwa uzito sana. Dozi tunaipima kwa gray, kwa kifupi Gy, yaani joule 1 ya nishati kwa kila kilo 1 ya mwili. Ukiipa maji Gy 1, joto lake linapanda nyuzi 0.00024 tu. Haipo pua wala ngozi ya binadamu inayoweza kuhisi hicho kitu. Kwahiyo mashine ikikosea kwa asilimia 10 itanguruma vilevile, taa zitawaka vilevile, mgonjwa atashuka kitandani atasema asante na kwenda nyumbani, na wewe hutajua chochote mpaka baada ya wiki kadhaa ngozi au utumbo vianze kuonyesha. Kinga iliyopo ni kipimo, na mtu anayejua kile kipimo kinamaanisha nini.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tubishane vizuri: mwanafizikia tiba hakamiliki darasani, anakamilika kwenye mashine chini ya mtu anayemsimamia, na utafiti mzuri wa hii fani unazaliwa humohumo kwenye kazi ya kila siku. Tukitenganisha hivi vitu, masta huku, hospitali kule, utafiti kwa maprofesa, tunapata watu nusunusu.

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, limeshaliandika hili muda mrefu. Muongozo wao unataka digrii ya kwanza ya fizikia au inayolingana nayo, kisha masta ya fizikia tiba, kisha mafunzo ya hospitali yenye mpangilio na msimamizi yasiyopungua miaka 2 kwenye eneo moja. Kila eneo lina kitabu chake cha mafunzo, cha tiba ya mionzi kilitoka 2009, cha radiolojia 2010, cha tiba ya nyuklia 2011. Vipo bure mtandaoni. Hiyo miaka 2 ndio sehemu ambayo watu wengi wanairuka au wanaifanya kwa jina tu, mtu anaandikwa yuko mafunzoni halafu anakaa ofisini anajaza fomu.

fotoni_mdogo

Mkuu asante sana kwa uzi. Mimi nimemaliza fizikia mwaka jana. Ila nina swali, kama kanuni ninazijua na hesabu naziweza, hiyo miaka miwili ya hospitali inaniongezea nini hasa? Naomba mfano wa kueleweka.

kipima_dozi

Swali zuri mdogo wangu. Ngoja nikupe mmoja halafu uukae nao.

Kifaa chetu kikuu cha kupimia mashine ni chemba ya ioni, kimrija kidogo chenye hewa ndani, ile ya kawaida ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 0.6. Mionzi ikipita inaiioniza hewa, yaani inaipa chaji ya umeme, unakusanya chaji hiyo, unazidisha na namba ya kalibresheni ulichopewa na maabara ya viwango, unapata dozi kwenye maji. Utaratibu wa dunia nzima upo kwenye kitabu cha IAEA kinachoitwa TRS-398, kilitoka 2000 na toleo lililoboreshwa likatoka 2024. Sasa nyingi ya hizi chemba zina kitundu, hewa iliyopo ndani ni hewa ya chumba ulichopo. Hewa ikiwa nyepesi molekuli zinakuwa chache, chaji inapungua, namba inashuka wakati mashine haijabadilika hata kidogo. Ndio maana tunarekebisha kwa joto na presha, marejeo yake ni nyuzi 20 na kilopaskali 101.325, japo kuna nchi zinatumia nyuzi 22.

Chukua hospitali iliyopo mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Presha halisi mle chumbani ni kama kilopaskali 84.5. Mwanafunzi barometa yake imeharibika, anafungua simu anasoma presha ya hali ya hewa, inamwambia 101 na kitu. Hajui kwamba watu wa hali ya hewa huwa wanaibadilisha presha iwe kama ya usawa wa bahari ili ramani zao zilinganishike. Anaiingiza kwenye fomula, fomula ameipatia kabisa, hesabu haina kosa, jibu linamwambia mashine inatoa pungufu kwa karibu asilimia 17. Anairekebisha mashine ipande. Kuanzia kesho yake asubuhi kila mgonjwa anapata karibu asilimia 20 zaidi ya alichoandikiwa.

Hakuna mtihani wa darasani unaokukamata hapo. Anayekukamata ni msimamizi aliyekaa pembeni anayekuuliza, hii namba ya presha umeitoa wapi? Na anakuuliza swali la pili, mashine hii jana ilikuwa sawa, leo imeshuka asilimia 17 usiku mmoja, wewe unaamini? Mtu aliyefunzwa kwenye mashine akiona mabadiliko makubwa hivyo kitu cha kwanza anakishuku kipimo chake kabla ya kuigusa mashine. Hiyo tabia haisomwi, unaipata kwa kupima asubuhi baada ya asubuhi mpaka ujue namba za mashine yako zinatembea vipi.

chumba_cha_giza

Nimeipenda hii. Mimi ni mtaalamu wa upigaji picha wa siku nyingi, tulikuwa tunasafisha filamu kwenye giza kabla ya dijitali. Nakubaliana na mtoa mada ila niongeze, huku kwenye picha tumesahaulika. Ukisema fizikia tiba kila mtu anafikiria tiba ya saratani tu, wakati watu wanaopigwa eksirei na CT ni wengi mara dufu.

mrefu_kimya

Nafuatilia.

kipima_dozi

Mzee wangu chumba_cha_giza umegusa penyewe, kwenye picha ntarudi na nitakuomba unisaidie. Ngoja kwanza nimalizie upande wa makosa maana ndio unaoeleza kwanini mafunzo yawe ya aina ile.

Hospitali moja ya Costa Rica mwaka 1996. Walibadilisha chanzo cha kobalti-60, metali inayotoa mionzi yenyewe, kwenye mashine, chanzo kipya ni kikali zaidi kwahiyo lazima upime upya kinatoa dozi kiasi gani kwa dakika. Kwenye hesabu muda wa 0.3 ya dakika ukachukuliwa kama sekunde 30. Ukweli ni kwamba 0.3 ya dakika ni sekunde 18. Kosa la mstari mmoja. Kwahiyo mashine ikaonekana dhaifu kuliko ilivyo, wagonjwa wakawa wanawekwa muda mrefu zaidi, kama asilimia 60 na kitu juu, na hali ikaendelea karibu mwezi mzima, wagonjwa 115. Ripoti yake IAEA wameichapisha 1998 na mtu yeyote anaweza kuisoma, mimi nasema kila anayefundisha hii fani aisome na wanafunzi wake ukurasa kwa ukurasa.

Kinachonisumbua pale ni kwamba kobalti-60 ina nusu maisha ya miaka 5.27, yaani kila ikipita hiyo miaka nguvu yake inabaki nusu, inajulikana, na nguvu ya chanzo kipya imeandikwa kwenye cheti kilichokuja nacho. Mtu wa pili angechukua namba ya cheti akalinganisha na kilichopimwa, tofauti ya asilimia 60 ingemrukia machoni. Kwahiyo tatizo kubwa kuliko ile desimali ni kwamba hapakuwa na mtu wa pili anayepima kivyake bila kutazama karatasi ya wa kwanza. Tangu 1969 IAEA na WHO wana huduma ya kutuma vipima dozi vidogo kwa posta, unavipiga mionzi unavyodhani ni Gy 2, unavirudisha, wao wanakwambia umepiga ngapi kweli, ukitoka nje ya asilimia 5 wanakutafuta muangalie pamoja. Hospitali yoyote yenye mashine ya tiba ikae kwenye mpango kama huo, uwe huo wenyewe au wa nchi.

dada_wa_mzee

Samahanini wataalamu, mimi si mtu wa fizikia nimeingia hapa kwasababu baba yangu anaanza mionzi karibuni. Nimesoma hayo makosa nimeogopa sana. Na pia wamempiga CT wakamchora alama mwilini halafu wakasema arudi baada ya wiki mbili. Kwanini asianze tu, si ugonjwa unakua?

kipima_dozi

Dada pole sana na kuuguza, na Mungu amsaidie mzee. Nashukuru umeuliza, usiogope. Hayo makosa tunayaongea hadharani kwasababu kila moja liligeuka utaratibu unaomlinda mzee wako leo.

Hizo wiki mbili ngoja nikwambie kinachofanyika humo ndani. Ile CT aliyopigwa inaingizwa kwenye kompyuta, daktari anachora uvimbe picha kwa picha, na viungo vya kuepuka vinachorwa pia, mapafu, moyo, uti wa mgongo, kutegemea na sehemu. Kisha mpango unatengenezwa, miale itoke pembe zipi, kila moja iwe na umbo gani, nguvu kiasi gani. Daktari anautazama na kuukubali au anaukataa unarudiwa. Halafu mwanafizikia anaukagua kivyake, anahesabu upya dozi kwa njia nyingine tofauti na ile ya programu, na kwa mipango ile migumu anaupiga kabisa kwenye kifaa cha kupimia kabla mzee hajalala kitandani, analinganisha kilichotabiriwa na kilichotoka. Vigezo vinavyotumika sana sasa ni tofauti ya dozi asilimia 3 na ya mahali milimita 2, na angalau asilimia 95 ya sehemu zote zipite. Isipopita tunatafuta kwanini.

Ukifika siku ya kwanza una haki ya kuuliza, mpango wa baba umekaguliwa? Nani ameukagua? Hakuna mtaalamu anayejiheshimu atakayekasirika. Na zile alama asizisugue akioga, zikifutika asichore mwenyewe, aseme.

dada_wa_mzee

Asante sana kaka, nimetulia kidogo. Nitauliza.

mtaalamu_wa_mwisho_wa_mwezi

Mtoa mada mi naona unaizidishia hospitali na kuidharau masta. Kuna watu wamekaa hospitali miaka wanabonyeza vitufe tu, hawajui ndani ya programu kunaendelea nini. Siku mashine mpya ikija wanakwama.

kipima_dozi

Mkuu hapo uko sahihi na sikuidharau masta hata kidogo. Panama 2000 mpaka 2001 ndio ushahidi wa hoja yako. Walikuwa wanatumia vizuizi vya ile metali nzito ya risasi kukinga sehemu za mwili, programu ya kupanga tiba inaruhusu idadi fulani tu ya vizuizi, wao wakahitaji kimoja zaidi wakabuni njia ya kuviingiza vyote kana kwamba ni kimoja. Programu ikakubali bila kulalamika. Kumbe kwa namna fulani ya kuingiza ilikuwa inatoa muda wa tiba hadi karibu mara mbili. Wagonjwa 28. Mtu mwenye msingi wa fizikia akichukua kikokotoo na jedwali la dozi kwa kila sentimita ya kina anapata muda wa kukadiria kwa dakika chache, anaona huu muda hauingii akilini. Kwahiyo darasa linakupa uwezo wa kukadiria jibu kabla kompyuta haijakujibu, hospitali inakupa mazoea ya kufanya hivyo kila siku hata ukiwa umechoka na foleni ni ndefu. Ukikosa kimojawapo unakuwa hatari.

Ndio maana naupenda mfumo kama ule wa Trieste Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia cha ICTP na chuo kikuu cha pale waliuanzisha 2014 wakishirikiana na IAEA, miaka miwili, mwaka mmoja darasani na mwaka mwingine mwanafunzi yuko ndani ya hospitali anafanya kazi kweli chini ya msimamizi. Unajifunza kitu unakigusa kabla hakijapoa.

chumba_cha_giza

Sasa nije upande wangu. Vijana mnaotafuta utafiti mnahangaika na vitu vikubwa, wakati pale idara ya picha kuna data inamwagika kila siku hakuna anayeiokota. Kila skani ya CT inahifadhi dozi yake, ile namba ya DLP, jumla ya dozi ya skani nzima. Zikusanye kwa aina moja ya kipimo, mfano kichwa cha mtu mzima, tafuta namba ya katikati ya kituo chako, linganisha na vituo vingine. Utashangaa kituo hiki kinatumia mara mbili ya kile kwa kipimo kilekile na mashine inayofanana. Na watoto jamani, unakuta mtoto anapigwa kwa mipangilio ya mtu mzima kwasababu hakuna aliyekaa akatengeneza ya kwake.

kipima_dozi

Mzee umesema kweli na nikazie. Muongozo wa ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, wa 2017, chapisho namba 135, unaeleza jinsi ya kuzipata dozi rejea, yaani dozi za kulinganishia, kituo kimoja unachukua namba ya katikati, nchi nzima unachukua namba ambayo robo tatu ya zile namba za katikati za vituo vyote ziko chini yake. Hesabu ya fomu four inatosha. Ila hapa ndio fizikia inapoingia: usikimbilie kushusha dozi ili namba ipendeze. Kwenye CT ya kawaida ukipunguza dozi mpaka robo, chengachenga za picha zinakuwa mara mbili, na daktari akishindwa kuona kidonda kidogo cha ini umempa mgonjwa mionzi ya bure kabisa. Kwahiyo lazima upime vyote viwili, dozi na kama picha bado inafanya kazi iliyoagizwa. Na hizi mashine mpya zinazotengeneza picha kwa akili bandia zimeleta swali gumu zaidi, picha inaonekana laini safi lakini vipimo vyetu vya zamani vya chenga vinadanganyika, kitu chenye utofauti mdogo kinaweza kufutika pamoja na chenga. Jinsi ya kupima ubora wa picha ya namna hiyo ni eneo ambalo utafiti bado unachemka na kijana mwenye fantomu nzuri, kile kifaa kinachoigiza mwili wa mtu, na subira anaweza kuchangia.

Na tusisahau CT yenyewe ilizaliwaje, maana hiki kisa mimi nakipenda kuliko vyote. Allan Cormack, mwanafizikia wa Afrika Kusini, 1956 alikuwa anafundisha chuo kikuu Cape Town. Mwanafizikia wa hospitali ya Groote Schuur alikuwa ameacha kazi, na sheria ilitaka awepo mwanafizikia wa kusimamia vitu vyenye mionzi, basi Cormack akaombwa awe anakwenda siku moja na nusu kwa wiki. Alipofika akatazama wanavyopanga tiba, akaona mwili mzima unahesabiwa kana kwamba umejaa kitu kimoja, mfupa, pafu, nyama, vyote sawa. Akajiuliza, ningejuaje kila sehemu ndani ya mwili inapunguza mionzi kiasi gani bila kumpasua mtu? Akaona ni swali la hisabati, unapima miale mingi kutoka pembe nyingi unarudi nyuma kutafuta kilichomo. Mwaka 1957 akajaribu na duara la alumini lililozungushiwa mbao, chanzo chake cha kobalti. Matokeo yakaonyesha katikati ya alumini kuna kitu hakilingani. Kufuatilia wakakuta kweli pale katikati kuna kipande kilichochomekwa cha aina tofauti kidogo. Hesabu ilikiona kabla ya macho. Akachapisha 1963 na 1964, karibu hakuna aliyejali. Uingereza Godfrey Hounsfield akafika kivyake, mgonjwa wa kwanza akapigwa London Oktoba 1971, na 1979 wote wawili wakapewa Nobel.

Angalieni swali lilitoka wapi. Lilitoka kwa mtu aliyesimama kwenye chumba cha kupanga tiba akaona kitu hakikai sawa. Na leo kazi ile aliyoitaka ndio tunaifanya kila siku, namba za CT, maji 0, hewa -1000, tunazibadilisha kuwa msongamano wa elektroni ili programu ihesabu dozi kwenye pafu na mfupa inavyotakiwa.

binti_wa_kwanta

Mimi nipo mwaka wa kwanza wa masta. Chuo chetu hakina mashine ya tiba, hospitali yenye mashine iko mbali na foleni ya wagonjwa ni ndefu hawana muda na wanafunzi. Utafiti nafanyaje? Na kuna watu wananiambia nisipoteze muda, akili bandia inakuja kuchukua kazi yote.

kipima_dozi

Binti karibu sana. Nianze na la pili maana ni fupi. Akili bandia inachora viungo kwa dakika chache, kazi iliyokuwa inakula masaa, na ni jambo jema. Lakini inachora vizuri kwa wagonjwa wanaofanana na wale iliyofundishwa nao. Mletee mgonjwa mwenye chuma cha nyonga, au aliyekatwa pafu moja, au aliyelala tofauti, inachora kwa kujiamini kitu kisichokuwepo. Nani anaijaribu kabla haijaruhusiwa kugusa wagonjwa, nani anaweka mipaka yake, nani anagundua kwamba toleo jipya limebadilika? Hiyo ni kazi ya mwanafizikia na inaongezeka.

La kwanza sasa. Kuna vitu vya bure ambavyo kizazi chetu hatukuwa navyo. Geant4 iliyotoka kwenye familia ya CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, na EGSnrc ya Kanada, hizi ni programu za Monte Carlo, zinafuatilia fotoni (chembe za mionzi kama ya eksirei) na elektroni moja moja zikigongana ndani ya maji au mwili mpaka nishati iishe. Zinakula muda wa kompyuta lakini tatizo dogo linaenda hata kwenye laptopu. Kuna matRad ya kituo cha utafiti wa saratani cha Ujerumani kilichopo Heidelberg, unapanga tiba ya fotoni na protoni mwanzo mwisho kwa ajili ya kujifunza na utafiti, si kwa mgonjwa. Kuna pylinac ya kuchambua picha za ukaguzi wa mashine kwa Python. Kuna 3D Slicer ya kuangalia na kuchora picha. Na picha zenyewe za wagonjwa zilizoondolewa majina zipo kwenye hazina ya wazi inaitwa The Cancer Imaging Archive. IAEA pia wana jukwaa la masomo linaitwa AMPLE kwa ajili ya wanaofanya mafunzo ya hospitali.

Ila naomba unisikilize vizuri hapa. Simulesheni isiyolinganishwa na kipimo ni picha nzuri tu. Nimesoma rasimu nyingi za wanafunzi zina grafu za kupendeza, protoni zinasimama pale kwenye kilele cha Bragg, pale zinapomwaga dozi kubwa mwishoni mwa safari, kama inavyotakiwa, lakini ukiuliza umelinganisha na nini, kimya. Tafuta data iliyochapishwa ya mwale unaofanana, linganisha dozi kwa kila sentimita ya kina, eleza tofauti iko wapi na kwanini. Na hata kama hospitali iko mbali, omba jioni moja baada ya wagonjwa kuisha, usiende kutalii, nenda na swali moja la kupima na fomu umeshaiandaa. Wanafizikia wa hospitali wanakimbia wanafunzi wasiojua wanataka nini, wanaojua wanawapokea.

mtaalamu_wa_mwisho_wa_mwezi

Na haya mambo mapya ya FLASH mkuu? Naona kila mtu anayaongelea.

kipima_dozi

FLASH ni kutoa dozi kwa kasi kubwa sana, kwa kawaida wanasema zaidi ya Gy 40 kwa sekunde, wakati tiba ya kawaida inatoa Gy kadhaa kwa dakika. Kazi iliyoiwasha moto ilitoka Ufaransa 2014, kwa panya, mapafu yasiyo na ugonjwa yaliumia kidogo wakati uvimbe uliathirika vilevile. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Lausanne Uswisi, uvimbe wa ngozi, Gy 15 ndani ya milisekunde 90. Kwanini tishu isiyo na ugonjwa inasalimika, mpaka leo wanabishana. Kwa mwanafizikia shida iko mlangoni kabisa, zile chemba zetu za ioni zinazidiwa, ioni zinaungana tena kabla hatujazikusanya, kipimo kinasoma chini. Kwahiyo kabla ya kuongea biolojia lazima mtu ajue amepiga ngapi. Narudi palepale jamani, kipimo kwanza.

fotoni_mdogo

Mkuu nimeelewa vizuri sana sasa. Nikipata nafasi ya mafunzo hospitalini, miezi ya mwanzo nifanye nini ili nisipotee?

kipima_dozi

Fuata mashine asubuhi kabla ya wagonjwa. Kila siku dozi inayotoka inakaguliwa, kwa miongozo ya AAPM, chama cha wanafizikia tiba cha Marekani, isizidi asilimia 3 kutoka kwenye rejea, kila mwezi kipimo makini zaidi asilimia 2, kila mwaka asilimia 1. Usiishie kuandika imepita. Andika namba yenyewe, ichore kwenye grafu, ndani ya miezi michache utaona kama mashine inapanda taratibu, na ukiona inapanda uliza kwanini, soma, pima kwa kifaa kingine. Hapo ukiwa makini umeshapata na andiko lako la kwanza.

Kaa na wale wataalamu wanaowalaza wagonjwa, hasa wakongwe, wao ndio wa kwanza kugundua kitu kimebadilika. Wakikwambia leo kitanda kinashuka vibaya, nenda ukapime. Hudhuria kikao cha madaktari wanapojadili wagonjwa hata kama nusu ya maneno huyaelewi, utajifunza kwanini daktari anakubali figo ipate kidogo zaidi ili uti wa mgongo upone. Na kila mpango unaopita mikononi mwako, kabla hujaangalia jibu la kompyuta, kadiria kwa mkono kwenye karatasi. Mwanzoni utakuwa mbali sana na hilo ni sawa, msimamizi wako anatakiwa akuonyeshe ulipotofautiana.

Na kama unakopelekwa hakuna msimamizi, unaambiwa tu shika funguo za mashine uanze kazi, kataa. Sema kwa heshima kwamba hujafunzwa, andika barua, tafuta kituo kingine. Najua ajira ni ngumu na maneno haya ni mepesi kuandika, lakini upande wa pili wa ile kuta ya zege kuna mtu amelala amefungwa barakoa hawezi hata kugeuza shingo, na hana njia yoyote ya kujua kama wewe umefunzwa au hujafunzwa.

binti_wa_kwanta

Nimeshapakua EGSnrc tayari. Nitaanza na mwale wa kobalti kwenye maji nilinganishe na data iliyochapishwa, nikikwama narudi hapa.

kipima_dozi

Vizuri sana. Uwanja wa mwale sentimita 10 kwa 10, umbali wa chanzo sentimita 80 au 100 kutegemea na data utakayoipata, na usisahau kuandika umbali upi umetumia. Weka grafu hapa ikiwa na mipaka ya makosa, tutaitazama wote.